Mti wa Jiwe: Uhakiki wa Istilahi Moja na Jamaa Zake

Kuna kitu ambacho kwa jicho ni gogo la mti na kwa mkono ni jiwe. Pete za ukuaji wake aghalabu zaonekana, mahali tawi lilipochomoza panaonekana, na pengine hata vijia vya wadudu waliokuwa wakilitoboa gogo hilo vimebaki. Lakini ukiligonga kwa chuma hutoa cheche, na kipande chake kinachojaa debe moja hukaribia uzito wa mfuko wa saruji. Katika Kiswahili cha maandishi kitu hiki hakijapata jina moja lililotulia. Mmoja atakiita mti uliogeuka jiwe, mwingine mbao zilizogeuka mawe, mwingine mti ulioganda, mwingine kisukuku cha mti, na mwingine, akitaka kufupisha, mti-jiwe.

Makala hii inakusudia kuyapima majina hayo. Jina la kitu cha kisayansi ni maelezo mafupi ya kitu chenyewe. Mwanafunzi huyasadiki maelezo hayo kabla hajafika ukurasa wa pili wa kitabu, na karani huyafuata anapoamua kitu hicho kiingie katika jalada la idara gani. Yako majina mawili kati ya hayo matano ambayo humfundisha msomaji jambo lisilo la kweli, na liko moja ambalo ni la kweli lakini ni pana mno.

Tuanze na lililo jepesi kuliondoa. Mbao ni miti iliyokwisha kupasuliwa kwa msumeno. Gogo lililolala ardhini tangu zama ambazo hapakuwa na binadamu wala msumeno haliwezi kuwa mbao, na anayeandika hivyo amefuata neno la Kiingereza ambalo hujumlisha mti, ubao na kuni katika chombo kimoja. Kiswahili kimetengana hapo zamani sana: tunao mti, gogo, boriti, ubao, ukuni. Tena tunalo jambo ambalo wafasiri wengi hulisahau, nalo ni kwamba neno mti lenyewe hutaja pia maada. Twasema kiti cha mti, kijiko cha mti, mguu wa mti. Tutairudia sifa hiyo, maana ndiyo itakayotufaa.

Mti ulioganda nao una asili yake. Lugha za Ulaya zimelitoa jina la kitu hiki katika neno la Kigiriki petra, yaani jiwe au mwamba, na Kiingereza hulitumia tendo hilo hilo kwa mtu aliyeduwaa kwa hofu. Mfasiri anayefungua kamusi bila kufungua kitabu cha jiolojia huweza kuokota maana ya pili badala ya ya kwanza, na akaandika habari za mti ulioganda kana kwamba umeshikwa na barafu au na woga. Katika Kiswahili kinachoganda ni kile kilichokuwa majimaji: damu, samli, maji. Mti haukuwa majimaji. Kuna kitu kilichokuwa majimaji katika habari hii na ambacho kweli kiliganda, lakini si mti. Na hapo ndipo penye kiini cha suala zima.

Linabaki lile jina linalopendwa kuliko yote: mti uliogeuka jiwe. Nalipinga, ingawa najua limekwisha kuzoeleka na kwamba ni tamu masikioni. Utamu wake ndio unaolitia shaka. Kugeuka jiwe ni lugha ya hekaya. Katika ngano zetu mtu hulaaniwa akageuka jiwe, jini hupuliza akageuza kasri kuwa kichuguu, na hakuna anayeuliza ngozi ilikwenda wapi au mawe yalitoka wapi, kwa sababu kugeuka katika ngano ni kitendo cha mara moja na cha kitu kimoja. Mtoto akiisikia habari ya mti uliogeuka jiwe, huuweka ubongoni pale pale alipoweka ngano. Mwalimu wa sayansi hana sababu ya kumsaidia kufanya hivyo.

Hebu tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyokwenda, na mfano bora uko Marekani, katika jimbo la Arizona, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest. Magogo ya huko yana umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Miti hiyo ilikuwa jamii ya misonobari, mirefu na minene, ikiota kando ya mito katika nchi ya joto ambayo haikufanana na jangwa la leo. Ilipoanguka, mafuriko yaliichukua, yakaiambua matawi na magome, kisha yakaifukia chini ya tope na mchanga uliochanganyika na majivu ya volkano. Kufukiwa huko kwa haraka ndiko kulikouokoa mti, kwani ukuvu na bakteria waozeshao wanahitaji hewa, na chini ya tope hewa ilikuwa haba.

Majivu ya volkano yana silika nyingi. Maji ya ardhini yaliyopita katika majivu hayo yaliyeyusha sehemu ya silika, yakaichukua, yakapenya nayo katika gogo kwa njia zile zile ambazo mti ulipokuwa hai ulipandishia maji yake. Humo silika ilijitenga na maji, ikajishika kwenye kuta za seli, ikajaza utupu wa ndani ya seli, na hatimaye ikatulia kuwa kwatsi, yaani fuwele ngumu ya silika. Chuma kilichokuwamo katika maji kikatia rangi nyekundu na ya manjano, na manganizi ikatia weusi na zambarau. Kwa hiyo kilichoganda ni silika. Mti ulikuwa kalibu.

Wataalamu wameyachunguza mambo haya kwa makini. Mwaka 1976 Leo na Barghoorn walichapisha maelezo ya namna silika iliyoyeyuka inavyovutwa na selulosi na lignini za kuta za seli, hata ikazivika kama ukungu wa chokaa unavyoivika birika. Uchunguzi wa Sigleo uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa ndani ya magogo ya Arizona mna mabaki ya lignini hata leo. Maana yake ni kwamba gogo hilo ambalo kila mtu huliita jiwe bado lina chembe za mti wenyewe, zimefungiwa humo. Mwaka 2004 watafiti wa Kijapani walieleza jinsi vipande vya mti vilivyolazwa katika maji ya chemchemi ya moto yenye silika vilivyokusanya silika inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake katika muda wa miaka saba tu. Vipande vile havikugeuka. Viliingiwa.

Mtu akitaka tendo la kutaja kazi hii, nashauri tutumie matendo mawili, kwa kuwa kazi zenyewe ni mbili, ijapokuwa mara nyingi hufanyika katika gogo moja. Ya kwanza ni kujaa madini: kuta za seli zipo, na madini yamejaza nafasi tupu. Ya pili ni madini kushika nafasi: ukuta wa seli wenyewe umeoza na kuondoka polepole, na kadiri ulivyoondoka, madini yakashika pale ulipokuwa. Majina yake yatapatikana bila taabu, ujaaji wa madini na ushikaji nafasi. Atakayeona maneno haya ni ya kawaida mno kwa shughuli ya kitaalamu na akumbuke kwamba ukawaida si kasoro. Mwanafunzi wa kidato cha pili atayaelewa siku ya kwanza, wala hatayasahau siku ya mtihani.

Hapa kuna jirani ambaye lazima tumtaje, kwa sababu jina lake limekwisha kuchukua neno jiwe. Ni makaa ya mawe. Makaa ya mawe nayo asili yake ni mimea iliyofukiwa. Lakini yaliyoyapata ni kinyume kabisa cha yaliyolipata gogo la Arizona. Mimea ile ilibanwa na kupashwa joto, ikapoteza maji na umbo lake, ikabaki na kaboni yake. Ndiyo maana huwaka. Gogo la Arizona limebaki na umbo lake karibu lote na kupoteza karibu kaboni yake yote. Ndiyo maana ukilitia motoni halichangii chochote. Kwa hiyo tunacho kitu kimoja kilichohifadhi maada na kupoteza umbo, na kingine kilichohifadhi umbo na kupoteza maada, na Kiswahili kinavitaja vyote viwili kwa jiwe. Nimeona mara nyingi maswali ya wanafunzi yanayotokana na mchanganyiko huo, na kosa si lao.

Mchanganyiko huzidi tunapoleta neno kisukuku. Neno hili ni zuri, limeenea katika vitabu vya baiolojia na jiografia, wala sina nia ya kulibomoa. Ila limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni alama yoyote ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa katika ardhi: mfupa, gamba, unyayo, jani lililoacha chapa yake katika tope. Mzigo wa pili umetoka katika habari za nishati, ambako makaa, mafuta ya petroli na gesi huitwa fueli za kisukuku, na siku hizi, kwa sababu ya mijadala ya tabianchi, ndio mzigo unaosikika zaidi redioni. Raia ambaye kila jioni husikia kwamba visukuku vinachomwa na kuchafua hewa, kisha akasoma kwenye kibao cha hifadhi kwamba gogo lililo mbele yake ni kisukuku, ana haki ya kutafuta kiberiti. Kisukuku ni jina la ukoo. Gogo letu ni mwana wa ukoo huo, nalo linastahili jina lake mwenyewe.

Jina ninalolipendekeza ni mti wa jiwe. Kwa wingi, miti ya mawe.

Sababu yake ni ile tuliyoigusa mwanzo. Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kusema umbo na maada kwa pamoja: sanamu ya shaba, kikombe cha udongo, nyumba ya mawe, kijiko cha mti. Jina la kwanza hutaja umbo, la pili hutaja kilichotumika. Mti wa jiwe basi ni kitu chenye umbo la mti na maada ya jiwe, na hilo ndilo analolisema mtaalamu wa jiolojia, bila kuongeza wala kupunguza. Halisemi kwamba mti uligeuka. Halisemi kwamba uliganda. Linaacha nafasi kwa mwalimu kueleza jinsi jiwe lilivyoingia. Isitoshe, laweza kupanuliwa pasipo kuvunja sarufi: gogo la jiwe, kisiki cha jiwe, koni ya jiwe, tawi la jiwe. Na kwa wanaoshughulika na mifupa, mfupa wa jiwe. Maana hata mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyefukuliwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na ambaye kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, ni mifupa iliyoingiwa na madini, ingawa wanaojadili kurudishwa kwake huizungumza kana kwamba ni mifupa mitupu.

Kipingamizi kimoja kina uzito. Atasema mtu: makaa ya mawe hayakutengenezwa kwa mawe, basi muundo huu huu umekwisha kutumika kwa maana nyingine, na mti wa jiwe utaeleweka vibaya. Ni kweli kwamba katika makaa ya mawe kiunganishi hakitaji maada. Kinatofautisha makaa yanayochimbwa kama mawe na yale yanayochomwa msituni. Lakini msikilizaji huamua maana ya kiunganishi kwa kulitazama jina la kwanza. Makaa anayajua kuwa ni maada tayari, kwa hiyo hatafuti maada nyingine. Mti anaujua kuwa ni umbo, kwa hiyo akisikia wa jiwe huelewa papo hapo. Hakuna mtu aliyewahi kudhani kwamba mguu wa mti ni mguu unaoota majani.

Ama mti-jiwe, ningeuacha kwa sababu ya kisarufi. Majina yetu ya kuunganisha huweka mkuu mbele: batamzinga ni bata, mjusikafiri ni mjusi, askarikanzu ni askari. Kwa kanuni hiyo mti-jiwe ni aina ya mti, kama vile kuna mti mmoja msituni unaoitwa hivyo kwa ugumu wake. Tukigeuza tukasema jiwemti tutakuwa tumesema kweli zaidi, lakini wingi wake, mawemti au majiwemti, utazua ugomvi usio na faida. Kistari nacho ni kimbilio la mwandishi ambaye hajaamua.

Chini ya jina hilo kuu kuna majina ya aina. Hapa tuna utajiri ambao hatujautumia. Silika ikitulia katika gogo kwa tabaka tabaka za rangi, Wazungu hulitaja gogo hilo kwa jina la kito ambacho sisi tunakiita akiki, na akiki ni neno la mwambao tangu kale. Wazee wetu waliivaa pete yake vidoleni kabla ya chuo chochote cha jiolojia kufunguliwa. Mti wa akiki basi usitafutiwe neno la kutohoa. Vivyo hivyo yaspi limo katika Biblia ya Kiswahili, na kila msomaji wa kitabu cha Ufunuo amelipita. Ni opali tu ambayo hatuna budi kuitohoa, kwa gogo ambalo silika yake haijawa fuwele bali imebaki na maji ndani yake. Mtu anayeandika agati ilhali akiki ipo anakopa fedha aliyo nayo mfukoni.

Silika yenyewe ina tatizo ambalo sijapata kuona likisemwa waziwazi. Neno hilo limekuwamo katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ni tabia ya kuzaliwa nayo: silika ya mnyama, silika ya mtu. Kisha wanakemia wameitohoa silika nyingine kutoka lugha za Ulaya, na sauti za Kiswahili zimeyafanya maneno hayo mawili kuwa moja. Katika sentensi kama "silika ya mti huu" msomaji hana njia ya kujua tunazungumza tabia au madini. Kwa kuwa kubadilisha mojawapo sasa ni kazi isiyowezekana, mwandishi wa sayansi na aandike madini ya silika mahali pa kwanza anapolitaja, na sentensi isiyo na mwegemeo aiepuke.

Sasa tuje kwenye msitu. Mahali penye miti ya mawe mingi huitwa msitu katika lugha karibu zote, na wageni hutarajia kukuta vigogo vimesimama. Huko Arizona vimelala, kwa sababu mito ndiyo iliyovileta. Na hivyo ndivyo ilivyo karibu na Khorixas nchini Namibia, ambako magogo yenye umri wa miaka ipatayo milioni 280, yaliyofanywa kumbukumbu ya taifa mwaka 1950, yaliletwa na mafuriko kutoka mbali. Hapo pana mlundo wa magogo, si msitu. Lakini huko Florissant, jimbo la Colorado, visiki vya miti mikubwa vimesimama pale pale vilipoota, vimezungukwa na tope la volkano lililovifukia. Hapo neno msitu ni halali. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtaalamu: msitu uliosimama humweleza miti ilivyopangana na udongo ulivyokuwa, mlundo humweleza mto ulikoelekea. Majina rasmi ya hifadhi tuyaache kama wenyewe walivyoyasajili, ila katika maelezo yetu tuseme msitu wa mawe pale tu miti iliposimama, na kwingine tuseme magogo ya jiwe. Jambo hili litawafaa pia waandikao vibao vya Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1973 na yenye miti ya mawe yake.

Nilisema kwamba karani naye hulifuata jina. Ili kuona jinsi anavyolifuata yafaa tujue watu wamekitumia kitu hiki kwa nini. Wenyeji wa kale wa Arizona walichonga ncha za mishale kwa vipande vyake, na nyumba moja yenye vyumba vinane, iitwayo Agate House, ilijengwa nao kwa magogo ya jiwe badala ya matofali. Majina yao pia yalikuwa nadharia: masimulizi ya Wanavajo yaliyoandikwa husema magogo hayo ni mifupa ya jitu Yietso, na ya Wapaiute husema ni mishale ya Shinauv. Reli ilipofika, wakaja wachukuzi. Vipande vilikatwa na kung'arishwa viwe meza na mapambo, na katika miaka ya 1890 ikajengwa mashine ya kuyaponda magogo yawe unga wa kusagia vyuma. Kelele za wakazi zilisababisha bunge la jimbo hilo, lililokuwa bado eneo lisilo na hadhi kamili, kuiomba serikali kuu ilinde mahali hapo mwaka 1895. Lester Ward, mtaalamu wa mimea ya kale, alikwenda kupakagua mwaka 1899. Na mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt akapatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 1962. Kwingineko katika uwanda wa Colorado, wakati wa msako wa urani baada ya Vita Kuu ya Pili, yalipatikana magogo ambayo maji yalikuwa yameyaingizia urani na vanadi, nayo yakachimbwa kama mawe ya madini mengine yoyote.

Basi ni jiwe la thamani? Ni madini? Ni mti? Ni mabaki ya kale? Nje ya hifadhi, swali hilo liliwasumbua maofisa wa ardhi wa Marekani kwa miaka mingi, kwa sababu sheria yao ya uchimbaji ya mwaka 1872 ilimruhusu mtu kudai kiwanja chenye madini, na wako waliodai viwanja kwa kigezo cha magogo haya. Mwaka 1962 Bunge lao likapitisha sheria fupi iliyotamka kwamba mti wa jiwe hautahesabiwa kuwa madini ya kudaiwa kwa sheria ile. Kisha ikaufasili: mti ulioingiwa na akiki, opali au silika, au kitu chochote kilichopatikana kwa silika au maada nyingine kushika nafasi ya mti. Fasili hiyo inastahili kusomwa na kila mtunga istilahi. Imetaja aina zinazojulikana, na mwisho ikataja kazi yenyewe, ili gogo la urani au la chuma lisiponyoke. Neno kugeuka halimo. Kanuni zilizofuata zilimruhusu mtu kuokota kwa matumizi yake mwenyewe ratili 25 kwa siku pamoja na kipande kimoja, na si zaidi ya ratili 250 kwa mwaka, yaani kilo zipatazo 113. Asitumie baruti wala mitambo. Na anayetaka kuuza aombe kibali. Ndani ya hifadhi za taifa haruhusiwi kuondoka hata na kokoto.

Kwetu suala hili limekaribia kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na tangu hapo wafasiri wanazo juzuu nzima za kutafsiri. Miongoni mwake imo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ulinzi wake unagusa visukuku vya mimea pamoja na vya wanyama. Mfasiri akiandika mabaki ya mimea, atakuwa ameyalinda majani makavu na mabua ya mahindi. Akiandika miti iliyogeuka mawe, wakili mwerevu atasimama mahakamani na kuleta kitabu cha kemia kuonyesha kwamba mti wa mteja wake haukugeuka. Akiandika visukuku vya mimea, ikiwa ni pamoja na miti ya mawe, atakuwa amefunga mlango. Kenya nayo, yenye Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 na Katiba ya mwaka 2010 iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi, itakutana na kifungu hicho hicho siku sheria hiyo itakapotafsiriwa.

Kitendo nacho kinataka uangalifu. Kuokota ni kuchukua kilicho juu ya ardhi kwa mkono. Kuchimba ni kutoa kilicho chini, na katika ofisi zetu neno hilo huita mara moja leseni ya madini. Kufukua ni kutoa kwa utaratibu wa kitaalamu, huku mahali pa kila kipande pakiandikwa. Kukusanya ni neno la jumla linaloweza kuwa lolote kati ya hayo, na kwa hiyo halifai kusimama peke yake katika sheria. Umuhimu wa kuandika mahali waonekana huko huko Arizona, ambako kwa miaka mingi wageni walioiba vipande wamekuwa wakivirudisha kwa posta pamoja na barua za toba. Vipande hivyo haviwezi kurudishwa shambani, kwa kuwa hakuna ajuaye kila kimoja kilitoka gogo lipi. Vimelundikwa pembeni ya barabara. Kwa mtaalamu, mti wa jiwe uliokosa mahali pake umebaki jiwe zuri tu. Hata jina la kisayansi lililotolewa na Knowlton mwaka 1889 kwa miti mingi ya Arizona limetiwa shaka, baada ya Savidge mwaka 2007 kuchunguza upya vielelezo na kuona ndani yake jenasi zaidi ya moja. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa mapambo ya mezani.

Ingizo ninalolipeleka mbele ya kamati ya istilahi ni hili: mti wa jiwe, miti ya mawe, nomino ya ngeli ya pili, kisukuku cha mti ambacho seli zake zimejaa madini au madini yameshika nafasi yake, umbo lake likiwa limehifadhika. Wasomaji wa Lindi, Turkana na kwingineko ambako magogo haya hulala wazi, na ambao wanalo jina katika lugha za nyumbani, waliandikie Baraza jina hilo pamoja na maana yake neno kwa neno, kabla ingizo halijasanifiwa.